Gari Linalonijua Mimi Peke Yangu

Jumatatu, 7 Julai

Gari limefika. Jeusi, refu, limetoka Japani, na halina tundu la ufunguo. Meja Opoka alilizunguka mara tatu kama anayekagua gwaride, kisha akauliza ufunguo unaingia wapi. Mtu aliyelileta akamweleza kwamba hauingii popote. Unakuwa na rimoti mfukoni, unagusa kishikio cha mlango, gari linaitambua rimoti na kufunguka lenyewe. Ukikaa ndani, unabonyeza kitufe na injini inawaka.

Meja hakusikia hata nusu ya hayo. Bomu moja kule kaskazini lilimwachia sikio moja tu, la kulia, na mtu yule alikuwa amesimama kushoto. Mimi nilikuwa kulia. Nilisikia yote na sikuona haja ya kurudia.

Rimoti ni mbili. Moja nimepewa mimi. Nyingine Hajat Kaltumi, mke wa Meja, ameitupa kwenye mkoba wake bila kuitazama.

Kisha ikaja habari mbaya. Meja ametangaza kwamba amestaafu, watoto wameondoka, na nyumba ya watu wawili haihitaji wanaume wawili wa kushinda kwenye viti vya plastiki. Atabaki mmoja, dereva na mlinzi kwa pamoja. Mwingine ataaga. Ataamua Jumapili ya tarehe ishirini, baada ya misa ya shukrani ya wanajeshi wenzake wa zamani kule Lubaga.

Wanaume hao ni hawa. Wa kwanza ni mimi, Cleopas Wamalwa, dereva, mzaliwa wa Bungoma, miaka tisa Kampala bila ajali. (Ukuta wa jirani hapa Kansanga si ajali. Ulijengwa karibu mno.) Wa pili ni Ogwang, mlinzi wa geti, mtu wa Lira, koplo mstaafu, ambaye anadai aliwahi kuendesha lori la jeshi. Lori! Kama vile kuendesha lori ni udereva.

Nikishindwa, chumba changu cha uani kinaondoka pamoja na kazi. Nitalazimika kwenda Kalerwe kwa dada yangu Nabangala. Mume wake, Masinde, anauza kabichi kwa jumla, na tangu amwoe dada yangu hajawahi kunitazama usoni. Hutazama mabega. Anayapima kwa magunia.

Haitafika huko. Nina mpango.

Jumanne, 8 Julai

Rimoti nimeiweka ndani ya soksi. Kisha nikaenda upande wa kulia wa Meja, nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba gari hili limesajiliwa kwa mwili wa dereva. Linatambua joto la mkono, harufu, na damu kidogo. Wajapani wameendelea.

Meja alitaka ushahidi. Nikasimama mbali, kwenye tangi la maji, nikamwomba Ogwang aguse kishikio. Kimya. Meja mwenyewe akagusa. Kimya. Ndipo nikatembea polepole na kugusa kwa kidole kimoja. Vioo vya pembeni vikajikunjua, taa zikapepesa, mlango ukafunguka.

Meja alikitazama kiganja chake. Akasema kitu cha namna hiyo amekiona mara moja tu maishani, mbwa wa polisi aliyemtii askari mmoja na kuwauma wengine wote, kamanda akiwemo. Aliuliza kama gari linauma. Nikasema haliumi, lakini si vizuri kulichanganya kwa madereva wengi.

Ogwang hakulitazama gari. Alitazama miguu yangu. Mtu wa ajabu sana.

Jioni alinilipiza. Ogwang bado anaishi kambini kichwani mwake. Kila asubuhi anatunga neno la siku na jibu lake, anamwambia kila mtu wa nyumba, na usiposema jibu hufunguliwi geti. Leo nilipotoka dukani aliita, "Muhogo!" Nilitakiwa kujibu "Mvua." Nikajibu kwamba hata mimi ningekula. Nilikaa nje dakika arobaini na mkate wangu. Nilimkumbusha kwamba ananiona kila siku kwa miaka minne. Akasema yeye sura hajui, anajua neno, maana sura hata adui anayo. Na watu wanataka huyu ndiye awe dereva.

Jumatano, 9 Julai

Nimeponea chupuchupu. Asubuhi Meja aligusa kishikio mimi nikiwa bado naoga, na gari likamfungukia. Hajat alikuwa amesimama kando yake na ule mkoba wake. Nilitoka na sabuni masikioni, nikamkuta Meja ananisubiri na swali.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nikamuuliza kama jana tulipeana mkono. Akakubali. Nikamwambia basi ndiyo hiyo, mwili wangu umebaki kidogo kwenye kiganja chake, na gari limeunusa. Hudumu siku moja, ikizidi sana mbili.

Meja alifurahi mno. Tangu saa ile amenipa mkono mara tatu, kwa nguvu, akinitazama machoni. Anagusa kishikio mimi nikiwa karibu na soksi yangu, na kila mara linafunguka. Imani yake inakua.

Alimwita na Hajat anipe mkono ili naye afunguliwe. Hajat alikataa palepale. Tangu arudi Makka hampi mkono mwanamume yeyote, hata mashemeji zake hawajaupata. Alisema kama gari linataka mikono ya wanaume, likae na wanaume.

Sasa ilibaki rimoti ya mkobani. Hapo bahati ikanisaidia. Nilipokuwa naosha gari niliitumbukiza rimoti yangu ndani ya mkebe mtupu wa maziwa ya unga na kuufunga, isilowe. Gari likawa bubu. Niligusa kishikio mkebe ukiwa kwapani, hakuna kitu. Nikafungua mkebe, likapepesa. Kumbe bati halipitishi maneno yao. Nikamwendea Hajat na kumweleza kwamba unyevu wa Kampala unaua rimoti, na kwamba wenye akili wanazihifadhi ndani ya mkebe. Ameiweka kwenye mkebe wake wa tende, juu ya kabati, na amenishukuru.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ngumu. Nilimpeleka Hajat msikitini. Aliniomba nimbebee mkeka hadi barazani kwa akina mama. Barazani watu huvua viatu. Nikavua.

Hajat aliona kifundo cha mguu wangu. Akashika kifua. Aliniuliza nimeumia lini na kwa nini nateseka kimya kimya kama mtu asiye na watu. Nikasema si ugonjwa, ni uvimbe wa ukoo, sisi wote kwetu tumezaliwa nao. Alisikitika zaidi. Mama yule ana roho nzuri, na roho nzuri ni hatari kubwa kwa mtu mwenye mpango.

Tulipofika nyumbani alimwagiza Ogwang, aliyesomea huduma ya kwanza jeshini, anikande kwa mafuta moto. Ogwang alipiga goti, akautazama uvimbe, akasema kwa sauti ya daktari kwamba uvimbe wa kona nne hajawahi kuuona. Nikakimbilia chooni. Huko nikahamisha rimoti kwenye mguu wa pili. Nilipotoka, nilichechemea vizuri sana, ila kwa mguu wa kwanza.

Hajat alitazama mguu huu, akatazama ule. Akasema uvimbe unaohama si wa kupeleka hospitali. Sasa hivi chumba changu kimejaa moshi wa ubani na siwezi kuona ninachoandika.

Jumamosi, 12 Julai

Rimoti iko ndani ya kofia. Nimepona miguu yote miwili. Hajat anasema ni ubani.

Ogwang amejaribu kunimaliza. Kumbe jeshini alikuwa kitengo cha mawasiliano, kile cha redio na waya. Alimwendea Meja akiwa anasoma gazeti, akamweleza kwamba gari halijui mwili wa mtu. Gari linanong'ona swali, mahali fulani karibu kuna kitu kinajibu, na jibu likiwa sawa mlango unafunguka, kama yeye anavyofanya getini. Akasema Meja atafute kitu hicho kwa huyu Mkenya.

Maelezo mazuri sana. Bahati mbaya aliyatoa upande wa kushoto. Meja alipindua ukurasa na kumwambia awaongezee mbuzi maji. Hatuna mbuzi.

Jumatatu, 14 Julai

Sifa zikizidi huwa adhabu. Meja amempigia simu Kanali Komakech, rafiki yake wa vitani na mpinzani wake katika kila jambo, akamsimulia habari za gari linalomjua mtu mmoja. Komakech alicheka kwenye simu hadi nikasikia mimi niliyekuwa nafuta kioo. Meja akapandisha hasira. Ameapa kwa heshima yake kwamba Jumapili, baada ya misa, gari litaonyeshwa mbele ya wenzake wote.

Komakech ametoa sharti. Dereva apekuliwe kwanza, kuanzia kofia hadi soksi, kama mtu anayeingia ghala la silaha.

Kofia hadi soksi. Utadhani alikuwa nami chooni.

Meja ameniita, akanipa mkono, akaniambia kwamba nikimtoa kimasomaso mbele ya Komakech, kazi ni yangu siku hiyohiyo, na Ogwang atafungasha. Nikimwaibisha... Hakumaliza. Alitazama upande wa kaskazini, ambako Kalerwe iko.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda kwa Okidi, fundi umeme wa magari hapa Kansanga. Nilimnunulia rolexi, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, nikamwambia namuulizia rafiki yangu. Okidi alisema marafiki wa aina hiyo wako wengi.

Alieleza huku anatafuna. Kwenye milango kuna nyaya ndogo zinazotoa mawimbi dhaifu, hayafiki mbali, ni hatua moja au mbili. Ukigusa kishikio, mawimbi hayo yanaiamsha rimoti na kuipa swali. Swali ni tarakimu za kubahatisha, kila mara mpya. Rimoti ina siri yake ndani, na gari lina siri hiyohiyo. Rimoti inachanganya swali na siri, inatoa jibu. Gari nalo limeshapiga hesabu yake. Yakilingana, linafungua. Siri yenyewe haitajwi kabisa, kwa hiyo hata mwizi akilisikia jibu la leo, kesho halimsaidii, kwa sababu kesho swali ni jingine.

Nikamuuliza swali langu. Je, ni lazima rimoti iwe mwilini mwa mtu? Akasema gari halina habari na mwili wa mtu. Hata ukiining'iniza karibu na mlango, italijibu.

Basi! Hilo ndilo nililotaka. Okidi aliendelea kueleza jambo fulani kuhusu watu wengine wakigusa kishikio hichohicho, lakini nilikuwa na haraka na nikamwachia rolexi yake.

Alhamisi, 17 Julai

Majaribio. Meja na Hajat walikwenda kumwona jirani mgonjwa, Ogwang alikuwa amelala kwa heshima kwenye kiti chake.

Niliibandika rimoti kwa utepe mweusi juu ya gurudumu, ndani. Gari halikusikia. Bati tena. Nikaiweka juu ya paa, ikasikia vizuri, ila hata kipofu angeiona. Mwishowe nikaibandika chini ya ukingo wa plastiki ulio chini ya mlango wa dereva. Safi kabisa. Haionekani mpaka upige magoti. Nilirudi nyuma hatua ishirini, nikaja mikono mitupu, nikagusa, likafunguka.

Nimerudia mara kumi na mbili. Mara zote kumi na mbili nimegusa mimi mwenyewe, kwa uangalifu wa kisayansi, na mara zote limefunguka. Sioni kilichobaki kujaribiwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwa na utepe mweusi.

Kwa moyo mwema nimempa Ogwang namba ya simu ya Masinde. Nimemwambia Kalerwe wanatafuta watu wenye nidhamu. Aliiandika kwenye daftari lake, akanishukuru.

Jumapili, 20 Julai

Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya begi langu.

Tulikwenda Lubaga sisi watatu. Meja na nishani zake, Ogwang nyuma, mimi kwenye usukani na kofia yenye siri. Hajat alisema atakuja na jirani kwa ajili ya chakula, misa si yake.

Ndani ya kanisa nilikuwa na wasiwasi, na mimi nikiwa na wasiwasi hupenda watu. Padri aliposema tutakiane amani, niliwatakia amani viti vitatu mbele na vinne nyuma. Nilimpa mkono Kanali Komakech. Nilimpa sista mmoja mzee, nilimpa katekista, nikawapa wake za maofisa. Ogwang nilimruka. Dhamiri yangu iliniuma kidogo, nikaipuuza.

Wakati wa komunyo walipopanga foleni, nilitoka. Mimi si Mkatoliki, ni wa Kanisa la Friends kule Bungoma, hakuna aliyenishangaa. Nilibandika rimoti mahali pake, nikarudi kabla ya wimbo wa mwisho. Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Nasisitiza hilo, kwa sababu baadaye watu watasema mpango ulikuwa mbaya.

Wazee wa jeshi kama ishirini walilizunguka gari. Komakech akamteua mpekuzi. Alimteua nani? Ogwang. Ogwang alinipekua kama mtu aliyeisubiri siku hiyo maisha yake yote. Viatu, mkanda, kofia ndani nje, na soksi alizishika kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Alikuta kitana, na kikaratasi nilichoandika neno lake la siku ili nisisahau jibu. Alikisoma, akakikunja, akakirudisha mfukoni mwangu.

Nikatembea. Nikagusa. Vioo vikajikunjua, taa zikapepesa. Wazee wakapiga makofi. Meja akawa mrefu kwa inchi mbili. Ilikuwa dakika nzuri kuliko zote nilizopata katika nchi hii.

Ilitakiwa kuishia hapo. Lakini Meja, kwa furaha, alinitaka nifunge, nirudi mbali, kisha akamkaribisha Komakech aguse ili aone anavyokataliwa.

Komakech akagusa. Likafunguka.

Nikasikia jasho. Nikasikia pia sauti yangu ikieleza, bila kuniomba ruhusa, kwamba Kanali alinipa mkono wakati wa amani. Meja akapumua. Akawaeleza wote kwa kujiamini habari za mwili kubaki kwenye kiganja. Sista mzee akaomba naye ajaribu. Likafunguka, nilimpa amani. Katekista, likafunguka, amani. Akaja sajini mmoja aliyekaa viti vya mwisho kabisa, nisiyemfikia, likafunguka. Nikasema alipewa amani na mtu aliyepewa na mtu niliyempa mimi, maana amani inasambaa. Meja akasema kweli, hata padri amehubiri hivyo. Ogwang naye akagusa, uso wake hauna kitu. Likafunguka. Nikasema amenipekua sasa hivi, amejipaka mwili wangu hadi viwiko.

Foleni ikaundwa. Watu wakawa wanagusa na kucheka. Komakech alikuwa anakuna kidevu. Nawaambieni, nilikuwa nashinda.

Ndipo Hajat Kaltumi alipofika. Ametoka juani, amechoka, miguu inamuuma, anaona wazee wazima wamepanga foleni mbele ya gari lake. Hakumsalimia mtu. Alinyoosha mkono, akafungua mlango wa dereva, akakaa.

Rimoti yake iko nyumbani, kwenye mkebe wa tende. Na mkono wangu hajawahi kuupokea.

Meja alimwuliza mke wake, polepole, kama leo amempa mkono mwanamume yeyote. Hajat alimtazama kama mtu aliyepigwa na jua. Aliuliza ni mwanamume gani huyo angethubutu kuuomba.

Ogwang akapiga goti. Akapitisha mkono chini ya ukingo wa mlango, kukasikika utepe ukibanduka. Akasimama wima, akapiga saluti, na safari hii alizunguka kwanza hadi upande wa kulia.

"Afande," akasema, na rimoti iko kiganjani mwake, "dereva ni huyu hapa."

Komakech alicheka mpaka akamshikilia sista.

Meja hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimsikiliza Ogwang akieleza habari za swali na neno la kujibu, akaelewa mara moja, kwa kuwa ameishi miaka thelathini kwenye makambi ya namna hiyo. Kisha akanigeukia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wiki mbili hizi nimempa mkono kila asubuhi. Tangu astaafu hakuna mtu anayempa mkono asubuhi, na alikuwa ameanza kuzoea.

Niliona aibu. Naiandika hapa kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Ogwang ndiye aliyeendesha kurudi. Anaushika usukani kama wa lori.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeondoka Kansanga. Hajat amenipa ule mkebe, na tende ndani yake kwa ajili ya njia, na ubani kwa ajili ya miguu. Rimoti ameitoa, siku hizi inakaa kwenye mkoba na gari linamfungukia yeye kuliko mtu yeyote.

Nilimpa Meja mkono wa kuaga. Aliupokea, akaukaza kidogo, akauachia.

Getini Ogwang alinipa mkono kwa mara ya kwanza katika miaka minne. Kutoka hakuhitaji neno, lakini aliniambia la leo hata hivyo. Swali ni "Kabichi." Jibu ni "Gunia." Nilidhani mtu yule hana utani.

Jumapili, 27 Julai

Kalerwe. Wiki moja ya magunia. Mabega yangu yamekuwa kama Masinde alivyotarajia, na ameanza kunipenda.

Nimewaza sana kuhusu yaliyotokea Lubaga. Mtu mwenye akili hujifunza kutokana na makosa. Nimelichunguza kosa langu kila upande, na nimeliona. Kosa lilikuwa Hajat. Bila Hajat, mpango ulikuwa hauna doa.

Hapa kuna habari njema. Shemeji Masinde amenunua kufuli jipya la stoo ya kabichi. Halina tundu la ufunguo. Linakuja na kadi mbili ndogo, unaisogeza kadi karibu, kufuli linalia tii, linafunguka. Masinde alikuwa anahudumia wateja wakati muuzaji anaeleza. Mimi sikuwa nahudumia mtu yeyote.

Nimemwendea shemeji kwa unyenyekevu. Nimemweleza kwamba makufuli ya kisasa hutambua damu, na kwamba hili, kwa bahati, limeipokea damu ya upande wa mke wake. Itabidi mimi niwe mtunza stoo, na magunia abebe mtu mwingine. Kadi moja iko ndani ya mkebe wa tende. Nyingine iko ndani ya soksi.

Kuna tatizo dogo la kiufundi. Kufuli liko usawa wa kiuno, na kadi hii haisikiki mbali kama rimoti. Inabidi niinue mguu hadi kwenye kufuli. Nimemwambia Masinde kwamba damu ya ukoo hupita vizuri zaidi kisiginoni. Alitafakari, akasema inaelekea ni kweli. Kesho ananikabidhi stoo rasmi mbele ya wachuuzi wote.

Jioni hii dada yangu Nabangala, akiniandalia chakula, aliniuliza kifundo cha mguu kimefanya nini mbona kimevimba. Nikamwambia si ugonjwa, ni uvimbe wa ukoo, kwetu wote tumezaliwa nao.

Aliweka mwiko chini, akaniuliza ukoo upi.